Spea za moto kwa gari la zamani ukiwa Mwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ninaendesha Land Rover Series III ya mwaka 1972, ile fupi ya petroli, niliyoachiwa na baba. Wenye Peugeot 504, Volkswagen Beetle, Datsun 1200, Corolla za miaka ya sabini na Land Cruiser za petroli hunisimamisha njiani na kuniuliza mambo yale yale kuhusu spea za moto, yaani zile zinazoleta cheche ya kuwasha petroli: koili (inayokuza umeme wa betri), platini (swichi ndogo inayokata umeme wa koili ili cheche itokee), kondensa (inayoilinda platini isiungue), rota (inayogawa umeme kwa kila silinda) na plagi. Nimeyakusanya hapa. Ninayoyajibu ni yale niliyoyafunga kwa mkono wangu au niliyoyaona yakifungwa nikiwa nimesimama pembeni nimeshika tochi.

Nikienda dukani na kusema "nataka platini ya Land Rover", mbona napewa isiyoingia?

Kwa sababu umetaja gari, na platini haikai kwenye gari. Inakaa kwenye distributa, kile kifaa kinachozungushwa na injini kugawa umeme wa cheche kwenye plagi. Land Rover ya petroli ya silinda nne ilitoka na distributa ya kampuni ya Lucas aina ya 25D4, baadaye Lucas 45D4, na nyingine za Series III zilitoka na Ducellier ya Kifaransa. Platini, rota na kofia (kifuniko cha distributa kinachoshika nyaya za plagi) ya 25D haziingii kwenye 45D, hata ukizisukuma kwa nyundo. Muuza duka hana kosa. Umemuuliza swali lenye majibu matatu, naye amekupa alilo nalo kwenye rafu.

Halafu ongeza miaka hamsini ya matengenezo. Gari hilo limepita serikalini, likauzwa kwa mnada, likafika kwa mchuuzi wa samaki, likalala uani miaka kumi. Katikati ya safari hiyo kuna fundi mmoja aliyekosa spea, akafunga distributa ya gari jingine kwa akili zake. Nimeona 504 yenye Bosch mahali pa Ducellier, na nimeona Land Rover kule Igoma yenye distributa ya Kijapani iliyochongewa kishikio kipya, nayo inatembea vizuri tu. Wenye magari hayo wakienda dukani na kadi ya gari, watarudi na spea ya gari wasilo nalo.

Kwa hiyo acha kadi nyumbani. Fungua boneti, soma namba ya distributa iliyomo leo, na ununue kwa namba hiyo.

Namba hiyo iko wapi?

Kwenye Lucas imegongwa ubavuni mwa bodi ya alumini: aina, kisha namba ya tarakimu tano, kisha tarehe. Tarehe husomwa wiki kwanza, mwaka baadaye. Ukikuta 23 71, distributa hiyo ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 1971. Ikiwa gari lako ni la 1965, basi umeshajua kuwa si ile lililozaliwa nayo.

Bosch ina namba ndefu inayoanza na 0 231. Ile maarufu ya Volkswagen, wanayoiita "sifuri sifuri tisa", imepata jina hilo kutokana na tarakimu zake tatu za mwisho. Nippondenso za Toyota huwa na namba inayoanza na 19100, na Hitachi za Datsun huanza na D4.

Namba nyingi zimefunikwa na grisi na vumbi. Sugua kwa mswaki wa zamani na petroli kidogo, acha pakauke, kisha paka chaki juu na ufute kwa kidole. Chaki itabaki ndani ya maandishi nawe utayasoma. Piga picha. Kabla ya kuichomoa distributa, weka alama inavyokaa kwenye injini na rota inaelekea wapi, la sivyo utajitafutia kazi ya kupanga taimingi (wakati wa cheche kutokea) upya.

Namba imefutika kabisa. Nifanyeje?

Beba sampuli. Chukua platini, rota na kofia ya zamani na uende nazo mkononi, zote tatu. Rota peke yake haitoshi kwa sababu zipo zinazofanana umbo lakini zimepishana urefu kwa milimita chache. Ikiwa fupi, cheche inaruka pengo kubwa ndani ya kofia. Ikiwa ndefu, itagonga vituo vya kofia na kuvunja vyote viwili mara ya kwanza ukipiga stata.

Gari linamisi na kuzima ovyo. Nianze kununua nini?

Usianze kununua. Anza kuangalia. Najua inauma kuambiwa hivyo ukiwa umekwama Mabatini na daladala zinakupigia honi, lakini spea nyingi nzima zimetupwa kwa sababu mtu alibadilisha vitu vitano kwa mpigo na hakujua kipi kilikuwa kibovu.

Chomoa waya wa kofia unaotoka kwenye koili, uushike kwa koleo lenye mpini wa plastiki nzima, ncha yake iwe karibu milimita 6 kutoka kwenye chuma cha injini, kisha mtu apige stata. Usifanye hivyo karibu na kabureta inayovuja. Cheche ikiwa ya bluu na inalia, koili, platini na kondensa vina afya, na ubovu uko mbele yake: rota, kofia, waya au plagi. Cheche ikiwa ya njano na hafifu, au haipo kabisa, rudi nyuma uanzie kwenye platini. Kwa jaribio hilo la dakika mbili umeshapunguza ununuzi nusu.

Platini zenyewe ziangalie kwa macho. Uso wa kijivu safi ni mzuri. Ukiwa mweusi au wenye rangi ya bluu kama chuma kilichoungua, mshuku kondensa kabla hujailaumu platini. Pengo lake ulipime kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia pengo) wakati kisigino cha platini kimesimama juu kabisa ya kona ya kamu, ile sehemu ya shafti inayoisukuma platini ifunguke: Land Rover yenye Lucas milimita 0.35 hadi 0.40, Volkswagen na 504 milimita 0.40, Corolla yenye injini ya 3K milimita 0.45. Na kumbuka kwamba ukiongeza pengo unatanguliza cheche, ukilipunguza unaichelewesha. Ndiyo maana platini hupangwa kwanza, taimingi baadaye.

Nimefunga rota mpya kabisa na sasa gari haliwaki hata kidogo. Inawezekana?

Inawezekana, na ilinitokea mimi. Nilikuwa napanda kuelekea Bugando saa nane mchana, injini ikakata kama mtu aliyezima swichi. Nilibadilisha platini. Nikabadilisha kondensa. Nikaazima koili. Kila kitu kilikuwa kizima, kasoro kimoja ambacho sikukifikiria kwa kuwa nilikuwa nimekinunua wiki ile ile, kikiwa kwenye boksi lenye kung'aa. Jioni nilirudisha rota ya zamani ya baba, iliyokuwa kwenye kopo pamoja na nati na washa, na gari likawaka kwa stata ya kwanza.

Kosa lilikuwa ribiti. Rota nyingi za kopi zina kipande cha shaba kilichobanwa kwa ribiti, na ribiti hiyo inashuka chini hadi karibu na shafti. Plastiki iliyobaki kati yake ni nyembamba. Ikipata joto, umeme wa koili, ambao ni maelfu ya volti, unatoboa hapo na kushuka kwenye shafti badala ya kwenda kwenye plagi. Kwa macho huoni kitu.

Jaribio lake ni rahisi. Vua kofia, acha rota mahali pake, sogeza ncha ya waya wa koili karibu na shaba iliyo katikati ya rota, umeushika kwa koleo la mpini mzima, kisha mtu apige stata. Cheche ikiruka kwenda kwenye rota, rota imetoboka. Rota nzima haina pa kuupeleka umeme ule, kwa hiyo hutaona kitu. Tafuta isiyo na ribiti, ambayo shaba yake imeshikwa na plastiki yenyewe. Kwa Lucas huuzwa za rangi nyekundu zilizotengenezwa hivyo, lakini rangi pekee isikudanganye, maana waigizaji nao wana rangi nyekundu. Igeuze, uangalie.

Kondensa ninazonunua hazimalizi mwezi.

Hilo ni tatizo la magari ya zamani duniani kote, si la Mwanza peke yake. Kondensa nyingi mpya za kopi zimesokotwa vibaya ndani, na joto la distributa linazimaliza. Dalili ni gari kuzima likipata moto, ukalisubiri nusu saa, likawaka kama hakuna kilichotokea. Watu huisingizia petroli, huisingizia kabureta, wengine hufungua tangi zima.

Ninachokifanya mimi: ikiwa kondensa ya zamani yenye jina la mtengenezaji bado inafanya kazi, siitoi kwa sababu tu nabadilisha platini. Kitabu cha sevisi kinasema zibadilishwe pamoja, na enzi hizo ushauri huo ulikuwa sahihi. Leo unatoa kitu kilichodumu miaka thelathini na kuweka kisichojulikana.

Na ukikosa kondensa ya aina yako, usikate tamaa. Si lazima kondensa iwe ndani ya distributa. Nyingi za platini zina ujazo unaokaribiana, takriban mikrofaradi 0.2, kwa hiyo kondensa nzuri ya Kijapani unaweza kuifunga nje, waya wake kwenye kituo cha koili kinachokwenda kwenye platini, na mwili wake ukabanwa kwa skrubu kwenye chuma safi kisicho na rangi. Ikikaa nje inapata hewa. Yangu iko pale pembeni ya koili tangu zamani, na ya akiba nimeifunga kwa utepe wa gundi ndani ya boneti.

Koili yoyote ya volti 12 inafaa?

Hapana, na hapa ndipo watu huunguza platini bila kujua. Koili ziko za namna mbili. Moja inapokea volti 12 moja kwa moja na ina ukinzani wa karibu omu 3 kati ya vituo vyake viwili vidogo. Nyingine ina karibu omu 1.5 tu, kwa sababu imetengenezwa ifanye kazi pamoja na rezista ya nje. Kwenye Toyota za miaka hiyo utaiona rezista hiyo: kipande cheupe cha kauri kilichofungwa ubavuni mwa koili au jirani yake. Kwenye magari mengine rezista ni waya maalumu uliofichwa ndani ya nyaya, huwezi kuuona.

Ukiweka koili ya omu 1.5 bila rezista, platini zitaungua na koili itachemka hadi huwezi kuishika. Ukiweka ya omu 3 mahali penye rezista, cheche itakuwa dhaifu na asubuhi gari litasumbua kuwaka. Chomoa nyaya, pima kwa multimita, kisha ndiyo ununue. Multimita ya bei rahisi inatosha, ila gusisha kwanza ncha zake mbili pamoja, usome inaonyesha ngapi, na uitoe hiyo kwenye jibu lako.

Plagi nazo zina tofauti? Si zote zinaingia?

Kuingia zinaingia, na hapo ndipo hatari ilipo. Soma maandishi. NGK BP6ES ina uzi wa urefu wa milimita 19 na huenda kwenye Land Rover ya injini ya lita 2.25. BP6HS ina uzi wa milimita 12.7. Herufi moja tu imebadilika, E kuwa H. Beetle hutumia uzi mfupi, B6HS kwa mfano. Mtu akifunga ndefu kwenye kichwa cha uzi mfupi, ncha inatokeza ndani ya chumba na pistoni inaweza kuigonga. Akifunga fupi kwenye kichwa kirefu, kaboni inajaa kwenye uzi uliobaki wazi, na siku ya kufunga sahihi uzi wa kichwa unaharibika.

Namba ya joto nayo inachanganya. Kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion ni kinyume, namba ikipanda plagi ni ya moto zaidi. Kwa hiyo aliyekuambia "chukua ya namba kubwa" bila kutaja kampuni hajakuambia kitu.

Plagi feki ni nyingi kanda hii yote. Angalia uzi: wa halisi umeviringishwa, unateleza chini ya ukucha, wa feki una makovu ya kukatwa. Angalia kama ncha ya katikati imekaa katikati kweli chini ya ile iliyopinda. Sugua maandishi kwenye kauri kwa kidole chenye petroli. Yakifutika, rudisha.

Nyaya za plagi?

Ukiwa na platini, za shaba au za kaboni zote zitafanya kazi. Ukifunga moduli ya elektroniki, kifaa kinachochukua kazi ya platini, tumia za kaboni au silikoni zenye ukinzani, kwa sababu za shaba tupu hutoa kelele za umeme zinazoivuruga moduli. Ukibadilisha, hamisha mmoja mmoja.

Nimechomoa zote kwa pamoja na sijui mpangilio!

Pole. Land Rover ya silinda nne, 504, Corolla ya 3K na Datsun 1200 ni 1-3-4-2. Beetle ni 1-4-3-2. Land Cruiser ya petroli ya silinda sita, injini za F na 2F, ni 1-5-3-6-2-4. Geuza injini uone rota inazungukia upande gani, kisha panga kwa kufuata mzunguko huo kuanzia silinda ya kwanza.

Asubuhi za mvua gari langu haliwaki, mchana linawaka. Ninakaa karibu na ziwa.

Unyevu umeingia ndani ya kofia. Ziwa letu ni la maji baridi, halina chumvi ya kula vituo kama watu wa pwani wanavyopata, lakini umande wa alfajiri Kirumba Mwaloni au Igombe unatosha kulowesha kofia yenye ufa. Ivue, ipanguse kwa kitambaa kikavu, ielekeze kwenye jua na utafute mstari mwembamba mweusi kama umechorwa kwa penseli kutoka kituo hadi kituo. Ukiuona, kofia imekwisha, hata ukiukwangua utarudi. Angalia pia kile kikaa kidogo chenye springi katikati ya kofia kama kipo na kinacheza. Mara nyingi kimeanguka na hakuna aliyegundua.

Nimebadilisha kila kitu na pengo la platini halitulii.

Shika shafti ya distributa uitikise pembeni. Ikicheza, bushi zimekwisha, na hakuna platini ya dunia hii itakayokaa sawa. Usiitupe distributa. Fundi wa lezi mwenye subira, na Nyakato wapo, anaweza kuchonga bushi mpya za brasi. Mpelekee shafti pamoja na bodi, mwombe apime vyote viwili. Ukiirudisha, weka matone mawili ya oili chini ya rota na grisi kidogo sana kwenye kamu. Platini zenyewe zisiguswe na mafuta.

Je, nifunge moduli ya elektroniki niachane na platini?

Kwa gari la kila siku mjini, ni jambo zuri, na moduli za kuingia ndani ya distributa ya Lucas au Bosch zipo. Lakini ununuzi wake unahitaji namba ya distributa vile vile, pamoja na omu za koili yako. Usiache ufunguo umewashwa injini ikiwa imezimwa, itaungua. Na usitupe platini, maana moduli ikifa hukufa ghafla na haina cha kusugua kwa msasa.

Jambo jingine: Land Rover zilizotoka kabla ya mwaka 1967 nyingi zilifungwa chanya ya betri kwenye bodi. Moduli iliyotengenezwa kwa gari lenye hasi kwenye bodi ikifungwa hapo inakufa papo hapo. Angalia waya wa bodi umeshika kituo gani cha betri kabla hujalipa.

Gari langu ni la dizeli.

Dizeli haina koili wala distributa. Haya hayakuhusu.

Spea zenyewe nizitafute wapi?

Anza na mafundi wazee, si na maduka. Huku mjini kuna mafundi waliofanya kazi na magari haya yakiwa mapya, na chini ya meza zao kuna boksi za spea za wakati ule ambazo hazijawahi kufunguliwa. Nenda mwenyewe, msalimie mzee shikamoo, kaa, mwonyeshe kitu chako. Ukimpigia simu atasema hana. Platini ya Lucas ya miaka ya sabini iliyokaa kwenye karatasi ya mafuta naithamini kuliko pakiti kumi za leo.

Ukikosa, Dar kuna Gerezani, na mzigo utakufikia kwa basi stendi ya Nyegezi. Wengine huagiza Nairobi, Barabara ya Kirinyaga, kupitia Sirari, au Kampala kule Kisekka kupitia Mutukula. Kokote utakakoagiza, usitume jina la gari. Tuma picha ya namba ya distributa, picha ya spea ya zamani ikiwa pembeni ya rula, na omba picha ya kile watakachokutumia kabla hakijapanda basi. Ukiagiza Uingereza au Ujerumani, uliza kwanza gharama za kusafirisha na ushuru wa TRA, na jumuisheni oda na wenzako, kwa sababu rota moja peke yake husafiri kwa bei ya rota sita.

Nakwenda Ukerewe na gari la zamani. Nibebe nini?

Rota iliyokwisha kujaribiwa kwenye gari lako, kondensa, seti ya platini uliyokwisha kuipanga mara moja ukaitoa, plagi mbili, fila geji, bisibisi fupi, kipande cha msasa laini na kitambaa kikavu. Koili ya akiba ukiwa nayo. Vyote viwe vimeshawahi kuliwasha gari hilo hilo, hata kwa dakika tano uani. Spea mpya ambayo haijawahi kufungwa usiihesabu kuwa ni akiba, na hasa usiifungue kwa mara ya kwanza pale Kisorya wakati kivuko kinapiga honi.